Miaka 21 nimesikiliza shida za watu, leo najiuliza kama najua kusikiliza

BARUA

Mshauri mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 47, afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya wilaya ambayo naomba nisiitaje. Nilihitimu stashahada mwaka 2003, nikaajiriwa mwaka uliofuata, na tangu hapo sijafanya kazi nyingine. Migogoro ya ndoa, matunzo ya watoto, wazee waliotelekezwa, watoto waliokinzana na sheria, wagonjwa wasio na ndugu: mashauri hayo yote yamepita mezani kwangu. Kwa miaka mingi nilijiona naijua kazi hii, na watu waliniambia hivyo. Hata wageni wa mkoani wakija, mimi ndiye ninayeitwa kutoa maelezo.

Miezi minne iliyopita mwalimu wa malezi wa shule moja aliniletea binti wa miaka 13. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alikuwa amemweleza mwalimu kwamba kuna ndugu wa kiume, pale anapolelewa, anayemfanyia mambo mabaya usiku. Ofisi yangu tunaitumia watu watatu, na mlango wake haufungi, huwa tunauegemeza kwa jiwe. Siku hiyo shangazi yake alikuwapo, mtendaji wa kata alikuwapo, nami nikamuuliza kama nilivyozoea kuuliza miaka yote. Ilianza lini? Kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukumwambia shangazi mapema? Alipojibu kwa sauti ndogo nilimwambia arudie ili mtendaji asikie, kisha nikamwambia arudie tena ili niandike. Muda wote huo alikuwa akivuta uzi kwenye mkono wa sweta lake la shule. Safari ya tatu hakujibu. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi, niliona pindo lote la mkono limefumuka na uzi umelala sakafuni. Tangu siku hiyo hajasema neno juu ya jambo lile, si kwangu, si kwa polisi wa dawati la jinsia na watoto, wala kwa mwalimu aliyemwamini mwanzo.

Wakati ule nilikuwa na mwanafunzi wa mazoezi kwa vitendo, msichana wa mwaka wa tatu. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alisubiri wenzetu waondoke, akasema, "Mama, naomba nikuulize kitu, usinichukie. Chuoni tumefundishwa kwamba mtoto hasimulishwi mara nyingi, tena mbele za watu, na hatumuulizi kwa nini. Hapa tunafanya tofauti kwa sababu gani?" Nilimjibu kwamba chuo ni chuo na kazi ni kazi. Usiku sikulala.

Jumamosi yake nilitoa bahasha ninayotunzia vyeti vya semina. Nilivihesabu, vikawa 17. Nikajaribu kukumbuka kila semina ilibadilisha nini katika utendaji wangu, nikaishia semina tatu. Nyingine nakumbuka ukumbi, chakula na posho. Ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo mwezeshaji alinikalisha nijifanye mama aliyefiwa, mwenzangu anishauri, na kila baada ya dakika chache alitusimamisha akatuonyesha tulichokifanya. Nilitoka pale nimejifunza kunyamaza.

Sasa Mkurugenzi amenikubalia ruhusa ya masomo ya shahada, miaka 3, pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, lakini halmashauri haina fedha ya kunilipia ada. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu alipata kiharusi mwaka juzi na anatembea kwa mkongojo. Mtoto wetu wa mwisho yuko kidato cha 2. Nikiondoka, wilaya nzima inabaki na maafisa wawili. Wenzangu wanasema nikifika 55 naweza kustaafu kwa hiari, hiyo shahada nitaipeleka wapi? Nimefikiria pia kusoma Chuo Kikuu Huria huku nikifanya kazi, au kuomba nitolewe kwenye mashauri ya watoto nibaki na wazee na misamaha ya matibabu. Kuna siku nawaza tu kukiri kwamba kazi imenipita.

Naomba unisaidie kufikiri.

Mama Ustawi

JIBU

Mdogo wangu Mama Ustawi, marahaba.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Nikushukuru kwanza kwa jambo ambalo huenda hukuliona wakati unaandika: hata ulipokuwa ukieleza kosa unalojihukumu nalo, ulikumbuka kumsitiri binti asitambulike. Mtu ambaye kazi imempita hakumbuki hilo.

Nikikuelewa vizuri, unauliza kama uende Kijitonyama kwa miaka 3, usome ukiwa kazini, uhamie kwa wazee, au ukubali kwamba muda wako umekwisha. Ni maswali mazito, na nitayafikia. Lakini naomba uisome tena barua yako kama jalada la mteja. Utaona kwamba binti yumo katika aya moja tu. Baada ya uzi ule kulala sakafuni, hatumwoni tena. Tunaona vyeti, tunamwona Mkurugenzi, tunamwona mzee wako na mkongojo wake, lakini hatujui binti analala wapi usiku wa leo, wala kama yule ndugu bado yumo katika nyumba ile ile. Sisemi umemsahau. Nadhani aibu imekua hadi imesimama kati yako na yeye, na kila ukitaka kumtazama, unajiona wewe.

Usalama wake hautegemei yeye kufungua mdomo kwa mara ya nne. Neno alishalisema kwa mwalimu, na taarifa hiyo ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo wewe unaitumia kila siku kuliko mimi, inampa afisa ustawi nafasi ya kumwondoa mtoto mahali penye hatari, akishirikiana na polisi, hata kabla shauri halijafika mwisho mahakamani. Kwa hiyo lipo la kujiuliza kabla ya lile la chuo: ni nani anayefuatilia shauri hili sasa, na je, ni vyema awe wewe? Unaweza kumkabidhi mwenzako, au kuomba msaada wa Kituo cha Mkono kwa Mkono, kile kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili mahali pamoja, kama kipo hospitali iliyo karibu nanyi. Faida yake ni kwamba binti atakutana na sura isiyobeba kumbukumbu ya siku ile. Hatari yake ni kwamba sura mpya huja na maswali mapya, na tukakuta tumemsimulisha upya kwa jina la kumsaidia. Ukiamua kumkabidhi mtu, makabidhiano yenyewe ndiyo ya kuangaliwa: apewe yale yaliyokwisha kuandikwa, na akubali kukaa na mtoto bila kumdai maelezo.

Huenda pia umewaza kumwendea umwombe radhi. Inaweza kuwa jambo jema sana kwa mtoto kusikia mtu mzima akisema, "Siku ile nilikuuliza vibaya, na wewe hukukosea." Inaweza pia kumbebesha mzigo wa kukufariji, maana watoto wengi wakiona mtu mzima ana huzuni hukimbilia kumtuliza. Mimi ningejiuliza, kabla ya kwenda, kama nakwenda kumpa kitu au kuchukua.

Sasa turudi kwenye chumba kile. Umeandika kana kwamba ni hakika kwamba maswali yako ndiyo yaliyomnyamazisha. Sina haki ya kukuondolea hilo kwa maneno matamu: "Kwa nini hukupiga kelele?" masikioni mwa mtoto ni shtaka, na kusimulia mbele ya shangazi na mtendaji wa kata kulimfanya atoe siri yake barazani. Hata hivyo hujui aliporudi nyumbani jioni ile aliambiwa nini, na nani, na kwa vitisho gani. Watoto walioumizwa na watu wa nyumbani hurudisha maneno yao kwa sababu nyingi, na baadhi yake zilikuwapo kabla hajavuka kizingiti cha ofisi yako. Ukijitwisha yote wewe, utaacha kutafuta sababu nyingine, na huenda mojawapo bado inaendelea.

Kisha kuna hili la kujiona umedanganya watu miaka 21. Tazama tarehe zako. Ulihitimu 2003. Sheria ya Mtoto ilitungwa 2009, miaka 6 baadaye, na iliweka kando sheria za watoto zilizorithiwa tangu ukoloni, ambazo bila shaka ndizo ulizofanyia mitihani. Chukua ushauri nasaha wa VVU. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, mshauri alifundishwa kumweleza mteja asubiri hadi kinga yake ishuke, yaani CD4, hesabu ya seli za kinga katika damu, iwe chini ya 200 kwa wengi. Kuanzia 2016 mwongozo unasema kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa bila kusubiri kipimo hicho. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, na kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima kwa ridhaa yake mwenyewe, ambapo awali ilikuwa 18. Mshauri mwadilifu, mpole, mwenye moyo, aliyebaki na kitini chake cha 2005, angeweza kumrudisha nyumbani msichana wa miaka 16 na kuamini amefuata taratibu. Upole wake usingemsaidia yule msichana kwa lolote.

Nami nimo. Nilipofundishwa kazi hii, tulielekezwa kwamba watu wakipatwa na janga tuwakusanye mapema, kila mmoja asimulie alichokiona na kuhisi, ili kisije kikaganda ndani. Nilifanya hivyo baada ya ajali moja ya basi. Namkumbuka baba mmoja aliyekuwa na bandeji kwenye kiganja, aliyeendelea kutikisa kichwa kila zamu yake ilipofika, nami nikawa namsihi aseme, nikiamini namsaidia. Miaka baadaye, tena kwa bahati, nilisoma kwamba tafiti zimeonyesha kikao cha namna hiyo hakizuii madhara ya baadaye na kinaweza kuyazidisha kwa baadhi ya watu, na kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011 unataka kitu cha unyenyekevu zaidi: kuwa karibu, kuuliza mtu anahitaji nini sasa hivi, kusikiliza kama anataka kusema, kumuunganisha na watu wake, na kutomlazimisha kusimulia. Nilifunga kitabu nikamuwaza yule baba. Bado namuwaza. Kwa hiyo usiku wako ule naujua.

Ninachotaka ukipime ni kama shahada ndiyo dawa ya jeraha hili, au ni jambo jema lenye sababu zake nyingine. Shahada itakupa msingi mpana wa nadharia, itakusogeza katika muundo wa utumishi, itakukutanisha na wenzako wa mikoa mingine, na una haki ya kuitamani hata ukiwa na miaka 47. Miaka 3 ukitoka leo unarudi ukiwa na 50, na kama hutastaafu kwa hiari una miaka 10 hadi 60. Wanaokuuliza utaipeleka wapi hawajahesabu vizuri. Lakini je, ndani yake kuna lile hasa ulilolikosa siku ya binti? Unaye mtu wa kumuuliza, na tayari ana namba yako: yule mwanafunzi. Muulize alifundishwa hilo katika somo gani, kwa saa ngapi, na kama aliwahi kulifanya mbele ya mwalimu au alilisoma tu kwenye kitini. Omba orodha ya masomo uisome kabla ya kujibu barua ya Mkurugenzi. Na upande wa pili wa mizani wako watu unaowajua: mzee anayehitaji mkono wa kushika akivuka ua, kijana wa kidato cha 2, ada ambayo haijulikani itatoka mfuko gani, na maafisa wawili watakaopokea mashauri yako yote.

Chuo Kikuu Huria, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na nyumba, kinakuachia mume na meza yako. Uzuri wake mkubwa naona uko hapa, kwamba ulichosoma Jumamosi unaweza kukijaribu Jumatatu. Hata hivyo nakuomba usiukadirie uchovu kwa hesabu ya saa peke yake. Mtu anayesikiliza vilio tangu asubuhi, kisha anamhudumia mgonjwa jioni, akifungua vitabu saa 4 usiku anafungua kwa kilichobaki, na mwaka wa kwanza unaweza kukuvunja moyo ukadhani ni akili iliyokwisha.

Kuhamia kwa wazee si kukimbia, kama unawapenda. Ila usitarajie huko kuna maswali mepesi. Mzee anayepigwa na mwanawe naye huvuta nyuzi za nguo yake.

Linaloniita zaidi katika barua yako ni ile semina ya mama aliyefiwa. Kati ya vyeti 17, uliyoikumbuka kwa undani ni ile ambayo mtu alikutazama ukifanya kazi na akakwambia alichokiona. Sasa nakuuliza: katika miaka 21, ukiacha semina ile, ni mara ngapi mtu mwenye ujuzi amekaa kando yako ukimhoji mteja, si kukukagua majalada, akakuonyesha mikono yako ilikuwa wapi na macho yako yalikuwa wapi? Nadhani nalijua jibu, kwa sababu ni jibu la wengi wetu. Daktari kijana hutembea wodini na bingwa. Sisi tulipewa meza na funguo za kabati, na waliobaki wakatuita wazoefu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa taaluma yetu imewekeza sana katika kumbi na kidogo mno katika jicho la pili, na gharama hiyo analipa mtoto mwenye sweta la shule.

Jicho hilo linaweza kutafutwa bila kusubiri shahada, ingawa nalo lina miiba yake. Zipo wilaya ambako maafisa ustawi, wauguzi washauri na polisi wa dawati hukutana mara kwa mara kuzungumzia mashauri magumu bila kutaja majina. Katika mji mdogo kuficha jina hakutoshi, maana kijiji na umri tu vyatosha kumfichua mtu. Pia mkikaa watatu mliofundishwa namna moja, mnaweza kuthibitishiana makosa mkarudi ofisini mmetulia zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana ningetamani awepo mmoja wa nje, aliyefundishwa kuhoji watoto, hata kama ni kwa simu mara moja kwa mwezi. Wapo wanaofundisha vyuoni ambao hufurahi kuombwa hivyo na mtu wa kazini. Ukifika huko utatakiwa kusema mbele ya mwenzako, "Hapa sikujua." Umelisema kwangu kwa barua isiyo na jina. Kulisema uso kwa uso ni kazi nyingine, na mtu wa cheo chako anaweza kulipa bei kwa hilo katika ofisi isiyo na huruma. Chagua kwa uangalifu wa kumwambia kwanza.

Mmoja wao anaweza kuwa yule msichana. Alikaa siku mbili akiutafuta ujasiri, akakuita mama, na akauliza kwa heshima. Jibu ulilompa atalibeba kazini kwake kokote atakakopangiwa: kwamba chuo ni chuo na kazi ni kazi. Bado unaweza kumpigia.

Kabla ya mwisho wa mwezi, jaribu kujiuliza hivi, ukiwa peke yako: kama kesho binti angeanza kusema, akapata ulinzi, akarudi kucheka na wenzake, je, ungeitaka bado shahada? Ikiwa moyo unasema ndiyo, basi kuna hamu ya kweli humo, na kilichobaki ni kutafuta njia na muda. Ikiwa moyo unalegea, huenda ulitaka kuitumikia shahada kama kifungo, na miaka 3 mbali na mume mgonjwa ni kifungo kirefu. Sijui utajibu nini, na jibu lolote kati ya hayo halitanipunguzia heshima niliyo nayo kwako. Kama Mkurugenzi anaweza kukupa muda zaidi wa kujibu, si vibaya kuuomba.

Na usingizi? Umetaja usiku mmoja, nami nahofu ni nyingi. Mkiwa mnasikiliza wilaya nzima, ni nani anayewasikiliza ninyi? Kama bado unaamka usiku na kuiona sakafu ile, mwone mshauri au daktari kwa ajili yako mwenyewe, si kwa ajili ya shauri.

Ukiniandikia tena, na natumaini utaniandikia, anza na habari za binti, kisha mambo ya chuo yafuate.